Waya Wangu wa Nguo na Jukwaa Lililouma Watu

Hai Malakal, Juba
Wakati wa kiangazi

Kwako Baba Wafula, mzee wangu,

Nakusalimu kabla sijaanza kukugombeza, maana nikishaanza sitakumbuka salamu. Magoti yako yanaendeleaje? Unayapaka yale mafuta niliyokuachia au umeshayagawa kwa majirani? Kikohozi je? Watoto wa Wafula wanakula na kushiba? Sisi huku ni wazima, mimi na mjukuu wako Nasimiyu. Nasema wazima, na najua redio inakwambia mengine. Ni kweli vita bado vipo. Milio tunaisikia, na jua likizama kila mtu yuko ndani ya ua wake na lango limefungwa. Lakini mchana watu wanajenga, wanapika, wanagombana kama kawaida. Achana na redio, soma barua.

Sikukupigia simu kwa sababu simu haifai. Mtandao hukatika kila ninapofika pale pa kukukaripia, nawe unafurahi, usinidanganye. Karatasi haikatiki. Utaisoma yote. Macho yakikushinda mpe Wafula akusomee, ila asiruke mahali, maana huko mbele kuna kazi yako wewe mwenyewe.

Barua yako ililetwa na yule dereva wa lori la vitunguu. Umesema mambo mawili. La kwanza, Nasimiyu arudi Kitale upesi, kwa sababu ndugu zako wanakucheka kwamba mjukuu wako wa kike anapanda vyuma na kuchomelea juu ya vichwa vya wanaume. La pili, ng'ombe wetu Soni amekuwa mkaidi, hataki kuingia kwenye banda la kukamulia, anapiga teke ndoo, nawe unataka kumuuza kwa mchinjaji. Nimeyasoma yote mawili. Usifanye hata moja kabla hujamaliza barua hii. Hata moja, Baba Wafula!

Kwanza ujikumbushe nani alinileta huku. Wafula alipomfundisha bintiye kazi yake ya kuchomelea, na kazi ikapatikana Juba, ni wewe uliyegonga meza ukasema msichana haendi peke yake. Haya, nikafunga mzigo. Sasa mimi ndiye mpishi pale wanapojenga, mtaa wa Lemon Gaba, kwenye kanisa linaloongezewa mnara wa chuma wa kutundika kengele. Napika chai, maharagwe na ugali, na wote kuanzia msimamizi mpaka mbeba mchanga wananiita Habuba, ndilo neno lao la nyanya. Wananiogopa kidogo. Ni vizuri.

Sasa sikiliza ajabu.

Kuuzunguka ule mnara wamesimamisha jukwaa la mabomba ya chuma, la kukanyagia mafundi, lenye mbao juu yake. Nasimiyu anakaa huko juu na mashine yake ya kuchomelea, cheche zinamwagika kama mahindi yanayopurwa. Umeme wa serikali ni wa kusikia tu, kwa hiyo wanatumia jenereta, na waya mrefu unapanda kutoka kwenye jenereta mpaka kwenye mashine. Chini ya jukwaa wanawake wanachanganya plasta na kuipandisha kwa karai kichwani. Karibu na hapo kuna donki, yaani kisima cha pampu ya mkono, bomba lake la chuma limezama chini kabisa kwenye maji. Wanawake wote wa jirani wanateka hapo.

Mimi nilikuwa na taabu ya kuanika. Aproni, vitambaa vya vyombo, sketi zangu, nianike wapi? Miti yote imekatwa ikawa makaa. Nikaokota kipande cha waya mnene, nikafunga upande mmoja kwenye mguu wa jukwaa na upande mwingine kwenye shingo ya ile pampu. Nikavuta mpaka ukalia. Kamba gani nzuri vile! Nguo zilikauka kabla sijamaliza kuanika ya mwisho.

Basi msimamizi, anaitwa Lado, mtu mzima aliyekulia uhamishoni Uganda, akaja na tumbo lake mbele. Kiswahili chake ni cha kule.

"Habuba, hii nguo ondoa. Hapa iko nyumba ya Mungu, hapana soko ya mitumba."

Nikamwambia, "Mungu ndiye aliyeniumba na kiuno. Sketi yangu itamshtua?"

"Askofu nakuja kesho! Yeye naona hii sketi kwa mlango?"

"Na wewe unaiangalia sana kwa nini?"

Wanawake wa plasta wakacheka mpaka makarai yakaanguka. Lado akaona aibu, akachukua koleo, akaukata waya wangu pande zote mbili mbele ya watu. Nguo zangu safi zikaanguka kwenye vumbi! Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, kwa sababu Wafula huenda anakusomea. Nikauviringisha waya wangu, nikauweka chini ya kitanda.

Tangu siku hiyo, jukwaa likaanza kuuma.

Fundi wa plasta, Pitia, alikuwa wa kwanza. Alishika bomba la jukwaa akapiga ukelele na kutikisa mkono. Wakamcheka, wakasema amekunywa. Kesho yake akaumwa mwingine. Halafu Poni. Huyu Poni ni binti mpole, anatembea miguu mitupu, mikono na nguo zimelowa plasta siku nzima. Alikuwa ameshika ngazi ya chuma, mguu mmoja bado ardhini, mara mwili ukakakamaa, mdomo wazi, sauti haitoki. Mimi namwona kutoka jikoni, Baba Wafula, nikadhani anacheza. Kisha jukwaa likamtupa. Karai huko, Poni huku, plasta usoni. Mkono wake ulivimba wiki nzima. Namshukuru Mungu lilimtupa. Lingemshika, ungekuwa unasoma barua ya matanga.

Hapo maneno yakaanza. Kwamba ardhi ile ina watu waliozikwa wakati wa mapigano, wamekasirika. Kwamba kengele haitaki kutundikwa. Mwisho Pitia akasema lile alilokuwa nalo moyoni.

"Watu wote naumwa. Yeye Nasimiyu hapana umwa. Kwa nini? Yeye nakaa huko juu siku yote, nashika chuma siku yote! Huyu binti wa Kenya iko na kitu ndani ya buti."

Na kweli, Nasimiyu alikuwa hajaumwa hata mara moja. Watu wakamwangalia. Wanawake waliokuwa wakila naye sahani moja wakaanza kusogeza sahani zao. Hata Poni, mzee wangu, hata Poni.

Lado si mtu mbaya, lakini aliogopa. Alisema kazi haiwezi kusimama, na watu hawatapanda akiwepo msichana huyu. Jumamosi apande basi la Kampala aende kwao. Jumamosi! Na wewe unaijua barabara ile ya Nimule, magari yanavyoviziwa na kumiminiwa risasi. Yaani mjukuu wangu atupwe kwenye barabara ile kwa kosa la kutokufa!

Sikulala vizuri. Na bado barua yako iko chini ya mto wangu wa kulalia, nayo inasema vilevile, arudi. Nikaona wanaume wa nchi mbili mmekubaliana bila kuonana.

Asubuhi nilikwenda kwa Lado na mwiko wangu wa ugali mkononi, watu wote wamesimama pale, kazi imelala. Nasimiyu ameketi juu ya tofali, buti zake miguuni, amevimba macho kwa kulia. Nikasema kwa sauti ya kanisani:

"Lado! Nguo zangu zilipokuwa zimeanikwa hapa, ni nani aliyeumwa? Jibu! Hakuna! Umezitupa nguo za mwanamke mzee kwenye vumbi, sasa unaona!"

Nilitaka tu aone haya. Nilitaka ajue Mungu ameniona. Watu wakacheka, eti Habuba anasema sketi yake ni dawa. Pitia akasema niilete waivae kwa zamu. Lakini Nasimiyu hakucheka. Alikuwa ameinua kichwa kama kuku aliyesikia mwewe. Akaangalia mguu wa jukwaa, pale kipande kidogo cha waya wangu kilipobaki. Akaangalia shingo ya pampu.

"Nyanya," akasema polepole, "ule waya ulikuwa umefungwa chuma kwa chuma?"

"Ulitaka niufunge kwa uzi wa kushonea?"

Akaruka! Akakimbia kwenye sanduku lake, akatoa balbu yenye nyaya mbili fupi. Akavaa glovu zake za ngozi, akafukuza watu wote kutoka kwenye jukwaa na pampu, akamwambia Lado awashe jenereta. Kisha akagusisha waya mmoja kwenye jukwaa na wa pili kwenye shingo ya pampu.

Balbu ikawaka! Mchana kweupe, imeshikwa mkononi, haijafungwa kwenye ukuta wa mtu. Ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, lakini iliwaka. Watu wakarudi nyuma wakikanyagana. Mwanamke mmoja akapiga vigelegele kwa woga. Lado akasema, "Kahraba! Kahraba iko kwa jukwaa!" Kahraba ndio umeme wao.

Nasimiyu akaita, "Nyanya, lete waya wako!"

Baba Wafula, mimi na magoti haya nilipanda boda mpaka chumbani kwetu Hai Malakal na kurudi, nimeukumbatia waya wangu kama mtoto. Jenereta ikazimwa, akaufunga palepale ulipokuwa, ikawashwa, akajaribu tena. Balbu ikakataa kabisa. Giza. Akauondoa, ikawaka. Akaurudisha, ikazimika.

Makelele yaliyotoka hapo! Walininyanyua, wakaniimbia. Pitia aliubusu waya wangu. Nami nilikuwa nimeshaanza kumwambia Lado anunue sabuni afue nguo zangu kwa mkono wake, ndipo Nasimiyu akanikata kilimi mbele ya watu wote.

"Hapana, nyanya. Waya wako haukuponya kitu. Ulikuwa unaficha ugonjwa."

Nilitaka kumchapa mwiko. Halafu akaeleza, na akaeleza vizuri, nami nakueleza wewe, kwa hiyo usisinzie.

Umeme ukitoka kwenye jenereta hautaki kukaa ugenini. Unatafuta njia ya kurudi ulikotoka, kwa chuma, kwa maji, kwa udongo, kwa chochote. Mahali fulani juu kule ulikuwa umetoroka kwenye waya ukaingia kwenye jukwaa. Waya wangu wa nguo ukaupa njia rahisi, kuingia kwenye pampu na kuzama chini kwenye maji, kwa hiyo haukuwa na haja na mtu. Lado alipoukata, njia ikafungwa. Ukabaki umejaa kwenye jukwaa unangoja. Akija Poni, mkono kwenye chuma, mguu mtupu kwenye udongo uliolowa, anakuwa yeye ndiye njia. Na Nasimiyu je? Glovu kavu za ngozi, buti za mpira, mbao kavu chini yake. Hakuna njia ya kupita kwake. Hicho ndicho kitu kilichokuwa ndani ya buti! Soli!

Poni akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa kama hii waya ya Habuba inapeleka kahraba kwa donki, sisi nachota maji pale..."

Nasimiyu akasema ndiyo. Siku umeme ungetoroka mwingi, au waya wangu ungekatika vibaya, ungemkuta mwanamke ameshika mpini wa pampu, mtoto mgongoni. Nikauangalia waya wangu pale ulipolala. Mimi pia huteka pale kila asubuhi. Nikaacha kumdai Lado sabuni.

Basi jenereta ikazimwa, Nasimiyu akapanda na kufuata ule waya mrefu kidole kwa kidole. Akaukuta. Walikuwa wameupitisha chini ya ubao, ubao unakanyagwa na kila mtu, ukasugua waya dhidi ya bomba mpaka ngozi yake ikachubuka, na plasta mbichi imedondokea palepale. Huo ndio mlango uliotorokea. Akakuta na la pili, na hili kila mchomeleaji hapo alilifanya kwa uvivu. Mashine ina waya wa kurudishia umeme, wenye koleo la kubana. Badala ya kuupandisha na kuubana kwenye chuma kile kinachochomelewa, walikuwa wanaubana kwenye mguu wa jukwaa chini, ili wasipate taabu ya kuuvuta. Yaani jukwaa lote na watu wake limefanywa barabara! Nikamuuliza Nasimiyu, "Na wewe ulifanya hivyo?" Akajifanya anatafuta glovu. Nikampa lake mbele ya Lado, ili asidhani nina upendeleo.

Wakatengeneza sawasawa. Waya mpya mzima, umening'inizwa kwenye ndoano za mbao, haugusi chuma wala haulali mahali panapolowa. Koleo likapanda juu mpaka karibu na kazi yenyewe. Kisha wakachukua waya wa shaba mnene kama kidole changu, wakaunganisha jukwaa, nondo za ukuta, mwili wa mashine na mwili wa jenereta, na kutoka hapo mpaka kwenye nondo ndefu zilizopigwa chini ardhini, mbali na pampu. Nasimiyu anasema vyuma vyote vishikane mikono, viwe kitu kimoja. Vikiwa kitu kimoja, mtu akishika hiki na kile hakuna tofauti ya kumuuma. Na kwa kuwa udongo wa kiangazi umekauka kama mkate wa juzi, zile nondo wamezipiga mahali ninapomwaga maji ya vyombo! Hapo ndipo penye unyevu siku zote. Lado mwenyewe alikuja kuniomba. "Habuba, tafadhali, maji chafu yako usipeleke mahali ingine." Nikamwambia nitafikiria.

Jenereta ikawashwa, balbu ikajaribiwa kila upande. Jukwaa na pampu, giza. Jukwaa na ukuta, giza. Ngazi na udongo, giza. Nasimiyu akasema, "Imekwisha. Pandeni."

Hakuna aliyesogea. Wanaangalia viatu vyao. Pitia, yule mwenye mdomo, anatafuta kitu mfukoni. Poni amejificha nyuma yangu ameushika ule mkono wake. Nami nikamwona mtoto wetu amesimama pale peke yake, buti zake miguuni, na nikajua kama hawapandi leo, Jumamosi iko palepale.

Nikavua ndara. Nikachovya mikono yote miwili kwenye sufuria la maji ya vyombo. Nasimiyu akapiga kelele, "Nyanya, wewe hapana! Nyanya!" Nikamuuliza, "Umetengeneza au hujatengeneza?" Akasema, "Nimetengeneza." "Basi nyamaza."

Nikaenda, miguu mitupu kwenye matope, nikalikumbatia jukwaa kama ninavyokukumbatia wewe ukirudi sokoni hujalewa.

Hakuna kitu! Baridi ya chuma tu. Nikaweka shavu. Hakuna. Nikapanda ngazi ya kwanza, ya pili, sketi nimeikunja kiunoni, nikageuka nikamwambia Lado, "Askofu yuko wapi? Mwambie aje aone kiuno!"

Ungekuwepo, mzee wangu! Poni alipanda baada yangu, analia na kucheka, akamshika Nasimiyu shingoni huko juu. Pitia alipanda wa mwisho kabisa, amevaa viatu vya kuazima vya mpira, watu wakamzomea mpaka akavivua. Lado hakusema neno la basi tena. Jumamosi ikaja, basi likaondoka, Nasimiyu yuko juu anachomelea chuma cha kengele. Na sasa hakuna anayewasha mashine asubuhi kabla hajaangalia nyaya zote, na anayezisimamia ni yeye.

Kwa hiyo jambo lako la kwanza, jibu ni hapana. Hafukuzwi na Lado, na wala hafukuzwi na ndugu zako. Waambie hivyohivyo nilivyoandika.

Sasa jambo lako la pili, na hapa usicheke.

Usiku nilipokuwa namsomea Nasimiyu barua yako, nilifika pale kwa Soni, nikaona ananiangalia kwa jicho lile aliloiangalia pampu. Akaniuliza taa ya banda la kukamulia ilivutwa na nani. Nikasema babu yako, mwenyewe, kutoka sebuleni, waya umepita kwenye tundu la msumari kwenye bati. Akaniuliza, mlango wa bati wa banda huwa unatekenya mkono? Nikakumbuka. Unatekenya, hasa mvua ikinyesha. Na wewe huwa unacheka unasema, umeme mdogo huo, unasisimua damu. Akaniuliza, babu anavaa nini akikamua?

Gamubuti, Baba Wafula. Wewe unavaa gamubuti za mpira. Soni hana gamubuti. Yeye anasimama kwato nne kwenye sakafu iliyolowa, pua kwenye chuma cha hori, nawe unampiga fimbo aingie.

Acha kusoma. Nenda uzime swichi kubwa ya nyumba. Zima yote, hata redio. Nangoja.

Umezima? Haya. Ule waya usiuguse mwenyewe, nakujua. Mwite fundi wa umeme wa pale sokoni aje na kipimo chake, autoe wote. Watoto wa Wafula wasikanyage bandani mpaka atakaposema ndiyo. Mpaka hapo kamulia uani, kwenye udongo mkavu, kwa mwanga wa jua, kama mama yako alivyokamua. Soni atasimama kimya, utaona. Kengele ikishatundikwa na barabara ikitulia, Nasimiyu atakuja mwenyewe na waya wa shaba kuyashikanisha mabati yako mikono. Waite ndugu zako waje waangalie akipanda. Akimaliza atarudi kazini kwake, na mimi pamoja naye, maana ni wewe uliyesema haendi peke yake.

Nisalimie Wafula, umwambie kazi aliyomfundisha bintiye imeokoa watu. Nisalimie mkewe, asichoke kukuvumilia. Nisalimie dada yako wa kanisani, aache kutuombea turudi, atuombee tukae salama. Nisalimie na jirani uliyemgawia mafuta yangu ya magoti, nayataka chupa nzima.

Na Soni umpe majani mabichi kwa mkono wako, umwombe radhi. Wewe ulikuwa unamwita mkaidi, naye alikuwa anakwambia.

Mimi mkeo, Mama Wafula, Habuba wa Lemon Gaba, ambaye nguo zake sasa zinakauka kwenye kamba ya katani, kati ya nguzo mbili za mti alizochimbia Lado kwa mikono yake.